Kuandika PKGBUILD tangu mstari wa kwanza: mwongozo kamili wa kujenga vifurushi vya Arch Linux

Kifurushi changu cha kwanza kilifanya kazi vizuri kabisa, ila kwenye kompyuta moja tu: ya kwangu. Nilimtumia dada mmoja tuliyesoma pamoja, yuko Mwanza. Akanirudishia ujumbe ambao hadi leo naukumbuka herufi kwa herufi:

```
error while loading shared libraries: libonig.so.5: cannot open shared object file: No such file or directory
```

Maktaba ile mimi nilikuwa nayo kwa sababu programu nyingine, niliyoisakinisha miezi kadhaa nyuma, ilikuja nayo. Programu niliyokuwa naijenga iliikuta pale, ikaitumia kimyakimya, nami sikuiandika popote. Hati yangu ya ujenzi haikuwa na kosa la kisintaksia hata moja. Shida ni kwamba ilieleza kompyuta yangu badala ya kueleza programu.

Kwa hiyo mwongozo huu utapita haraka kwenye vipengele ambavyo ukivikosea makepkg (chombo cha kujengea vifurushi) itakwambia yenyewe, na utakaa muda mrefu kwenye vile ambavyo hakuna atakayekwambia mpaka mtu wa mbali akwame.

Nani anafanya nini

Arch Linux, mfumo endeshi wa familia ya Linux, ilianzishwa mwaka 2002 na Judd Vinet, ambaye pia ndiye aliyeandika pacman, kidhibiti vifurushi chake. Kazi ya pacman ni kusakinisha, kusasisha na kuondoa vifurushi ambavyo tayari vimejengwa. Kujenga kwenyewe ni kazi ya makepkg, inayosoma faili moja iitwayo `PKGBUILD` na kutoa faili ya `.pkg.tar.zst`. (Hiyo zst ni ubanaji wa Zstandard, Arch ilihamia huko kutoka ubanaji wa xz Desemba 2019, kwa sababu kufungua kifurushi kunakwenda haraka mara nyingi zaidi.)

PKGBUILD ni hati ya Bash, na makepkg huisoma kwa kuiendesha. Shika hili mapema. Amri yoyote utakayoiacha nje ya fanksheni itatekelezwa hata pale mtu anapotaka tu kuona maelezo ya kifurushi. Nje ya fanksheni weka vigeu peke yake.

Ukishatoa amri ya `makepkg`, mambo hufuatana hivi: vyanzo vinapakuliwa, hashi (alama za utambulisho zinazokokotolewa kutoka kwenye faili) zinahakikiwa, mafaili yanafunguliwa ndani ya folda ya `src`, kisha fanksheni zinaitwa: `prepare()`, `pkgver()` kama ipo, `build()`, `check()`, na mwisho `package()`. Iliyo ya lazima ni `package()` tu. Amri ikishindwa ndani ya fanksheni, ujenzi unasimama hapo hapo, kwa hiyo huna haja ya kuandika `|| exit 1` kila mstari kama hati nyingi za zamani zinavyofanya.

Kuandaa meza ya kazi

```
sudo pacman -S --needed base-devel pacman-contrib namcap devtools
```

`base-devel` inaleta gcc, make, patch, fakeroot na wenzao. Kwa kuwa kila anayejenga anatarajiwa kuwa nayo, yaliyomo humo hayaandikwi tena kwenye PKGBUILD.

Kisha fungua `~/.makepkg.conf` na uweke mistari hii:

```
MAKEFLAGS="-j$(nproc)"
PACKAGER="Jina Lako <barua@example.org>"
SRCDEST="$HOME/vyanzo"
```

Wa kwanza unaruhusu viini vyote vya prosesa vifanye kazi. Wa tatu ni wa kwetu tunaonunua bando: bila `SRCDEST`, ukifuta folda ya kazi ili uanze upya, chanzo kinapakuliwa tena. Ukiiweka, kinahifadhiwa mahali pamoja na makepkg itakikuta hapo kila mara. Kwa mradi wenye chanzo cha megabaiti 300, tofauti utaiona kwenye salio.

Usijaribu kuendesha makepkg kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote juu ya mfumo). Itakataa, na sababu yake tutaiona tukifika kwenye `package()`.

Mfano wetu: GNU Hello

Nimechagua GNU Hello kwa sababu ni ndogo, inakompailiwa kwa sekunde chache, na ina kila kitu ambacho programu kubwa inacho: configure (hati inayoandaa ujenzi), tafsiri, ukurasa wa man, hati za info na majaribio. Ni ya mazoezi tu, usiipakie popote.

```
mkdir -p ~/ujenzi/hello && cd ~/ujenzi/hello
```

Ndani yake andika faili iitwayo `PKGBUILD`:

```bash
# Maintainer: Jina Lako <barua at example dot org>

pkgname=hello
pkgver=2.12.1
pkgrel=1
pkgdesc='Programu ya GNU inayotoa salamu'
arch=('x86_64')
url='https://www.gnu.org/software/hello/'
license=('GPL-3.0-or-later')
depends=('glibc')
source=("https://ftp.gnu.org/gnu/hello/$pkgname-$pkgver.tar.gz")
sha256sums=('SKIP')

build() {
  cd "$pkgname-$pkgver"
  ./configure --prefix=/usr
  make
}

check() {
  cd "$pkgname-$pkgver"
  make check
}

package() {
  cd "$pkgname-$pkgver"
  make DESTDIR="$pkgdir" install
}
```

Ukilenga kuchapisha, `pkgdesc` huandikwa kwa Kiingereza ili watafutaji wote waipate, na hairudii jina la kifurushi. Kwa matumizi yako au ya ofisini kwenu, Kiswahili hakina tatizo lolote.

`pkgver` ni toleo kama mwandishi wa programu alivyolitaja, ila haikubali kistari, nukta pacha, mkwaju wala nafasi. Toleo likiwa `1.0-rc1`, andika `1.0rc1`. Kuna kifaa kidogo cha kukuhakikishia kwamba pacman atalielewa toleo jipya kuwa ni jipya kweli:

```
vercmp 1.0rc1 1.0
```

Jibu ni `-1`, maana yake la kwanza ni la zamani kuliko la pili, ndivyo tunavyotaka. `pkgrel` inahesabu marekebisho yako wewe: ukibadilisha hati bila toleo kubadilika, ongeza moja, toleo jipya likitoka, rudi kwenye 1.

Kwenye leseni, tumia vifupisho vya SPDX (orodha sanifu ya majina ya leseni). Leseni za MIT na BSD zina mstari wa hakimiliki unaotofautiana kwa kila mradi, hivyo faili yake ya leseni lazima uisakinishe mwenyewe:

```bash
install -Dm644 LICENSE -t "$pkgdir/usr/share/licenses/$pkgname/"
```

Hashi, na mipaka yake

`SKIP` tuliyoiweka hapo juu ni ya kushikia nafasi. Sasa toa amri hii:

```
updpkgsums
```

Itapakua chanzo, ikokotoe hashi, na kuiandika yenyewe ndani ya PKGBUILD. Usinakili hashi kutoka kwa mtu, hata kutoka kwangu. Linganisha na ile iliyotangazwa na mradi wenyewe kama ipo, na kama mradi unatoa sahihi ya kidijitali ya PGP, ongeza faili ya `.sig` kwenye `source` na uweke alama kamili ya ufunguo wa mwandishi kwenye `validpgpkeys`.

Ieleweke vizuri hashi inathibitisha nini. Inasema faili aliyoipakua mwingine leo ni ile ile uliyoipakua wewe ulipoandika hati. Haisemi kwamba faili hiyo ni njema. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa programu, aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Kipande cha hati kilichouwasha wakati wa ujenzi kilikuwemo kwenye tarball (mafaili ya chanzo yaliyofungashwa pamoja) zilizotolewa, lakini hakikuwemo kwenye hifadhi ya Git ambako watu wangeweza kukisoma. Kila aliyehakiki hashi ya tarball ile alipata jibu la "sawa", kwa sababu kweli ilikuwa faili ile ile. Kutokana na hilo, mimi siku hizi mradi ukiwa na Git ya wazi yenye lebo za matoleo, naelekeza `source` huko:

```bash
makedepends=('git')
source=("git+https://mfano.example/mradi.git#tag=v$pkgver")
```

Gharama yake ni kwamba hatua kama `autoreconf`, inayotengeneza hati ya configure, itabidi uziendeshe mwenyewe ndani ya `prepare()`.

prepare() na build()

`prepare()` ni mahali pa kurekebisha chanzo kabla ya kukijenga, hasa kuweka viraka (mafaili ya marekebisho madogo ya msimbo):

```bash
prepare() {
  cd "$pkgname-$pkgver"
  patch -Np1 -i ../rekebisha-njia.patch
}
```

Faili ya kiraka nayo inaorodheshwa kwenye `source` na kupewa hashi yake.

Kwa programu za Rust na Go, `prepare()` ina kazi moja zaidi: kupakua vitegemezi vyote mapema. Kwa Rust tunaandika `cargo fetch --locked` hapo, kisha `cargo build --frozen --release` ndani ya `build()`. Mtandao ukikatika katikati, utajua umekatika kwenye upakuaji, na ujenzi wenyewe hauendi kuomba kitu nje. Na kwa kuwa `--locked` inalazimisha matoleo yaliyoandikwa kwenye `Cargo.lock`, anayejenga mwezi ujao anapata kile kile ulichopata wewe.

Kwenye `build()`, usiandike `CFLAGS` (maagizo kwa kikompaila) zako mwenyewe. Hati inayolazimisha `-march=native`, yaani ijenge kwa ajili ya prosesa hii tu, inatoa programu inayoweza kufa kwa ujumbe wa `Illegal instruction` kwenye laptopu ya miaka kumi iliyopita, na laptopu hizo ndizo zinazotumiwa na wanafunzi wengi. Mwenye kompyuta tayari ameshachagua kwenye makepkg.conf yake, muachie.

package(): hapa tukae kidogo

Fanksheni hii ndiyo inayoamua kitakachoingia kwenye kompyuta ya mtu. `$pkgdir` ni folda inayojifanya kuwa mzizi wa mfumo. Faili ukiiweka kwenye `$pkgdir/usr/bin/hello`, kwa msakinishaji itaangukia `/usr/bin/hello`.

Vitu viwili huchanganywa mno: `--prefix` na `DESTDIR`. `--prefix=/usr` inaiambia programu itaishi wapi maisha yake yote, na njia hiyo huandikwa ndani ya programu yenyewe wakati wa kukompaili. `DESTDIR` inaiambia `make install` iweke mafaili wapi kwa sasa. Mtu akiandika

```bash
./configure --prefix="$pkgdir/usr"     # kosa
```

kisha akaendesha `make install` bila `DESTDIR`, ujenzi utaisha bila kelele na mafaili yataonekana yamekaa mahali pake. Lakini ndani ya programu kumeandikwa kitu kama `/home/wewe/ujenzi/hello/pkg/hello/usr/share/locale`. Huko ndiko itakakokwenda kutafuta tafsiri za salamu zake. Kwenye kompyuta yako folda hiyo ipo, kwa hiyo utaona tafsiri. Kwa mwenzako haipo, ataona Kiingereza, na hatajua kwa nini. makepkg hutoa onyo moja tu, linalosomeka hivi:

```
==> WARNING: Package contains reference to $pkgdir
```

Ukiliona, usilipite.

Ukiandika `--prefix=/usr` sahihi lakini ukasahau `DESTDIR`, kinyume chake hutokea: `make install` itajaribu kuandika kwenye `/usr` halisi na itagonga mwamba.

```
/usr/bin/install: cannot create regular file '/usr/bin/hello': Permission denied
```

Ujumbe huo ni rehema. `package()` huendeshwa ndani ya fakeroot, ambayo inafanya mafaili yaonekane kama ni mali ya root bila kukupa nguvu halisi za root. Ungekuwa umeendesha makepkg kama root, kosa hilo lingeandika juu ya mafaili ya mfumo wako, na pacman asingekuwa na habari. Ndiyo maana makepkg inakataa.

Weka alama za kunukuu kwenye `"$pkgdir"` na `"$srcdir"` kila mahali, bila kubagua. Mtu anayefanya kazi ndani ya folda iitwayo "Kazi za ofisi" yupo, na nafasi zile mbili zitaikata amri yako vipande vitatu.

Programu isiyo na `make install` unaipanga mwenyewe kwa `install`:

```bash
install -Dm755 salamu -t "$pkgdir/usr/bin/"
install -Dm644 salamu.1 -t "$pkgdir/usr/share/man/man1/"
```

`-D` huunda folda zinazokosekana, na `-m` huweka ruhusa. Hakuna kinachokwenda `/usr/local`. Hapo ni mahali pa mwenye kompyuta, kifurushi hakigusi.

Faili za mipangilio zilizo `/etc` ziandike kwenye `backup`, bila mkwaju wa mwanzo: `backup=('etc/salamu.conf')`. Ukisahau, sasisho la kwanza litafuta mipangilio ambayo mtu ameihangaikia. Ukikumbuka, pacman ataacha faili yake kama ilivyo na kuweka mpya pembeni kwa jina la `.pacnew`.

Kujenga na kukagua

```
makepkg -s
```

`-s` husakinisha vitegemezi vinavyokosekana. Mwishoni utakuta `hello-2.12.1-1-x86_64.pkg.tar.zst`, na huenda pia ukaona kifurushi cha `hello-debug` pembeni yake, makepkg.conf ya Arch huwasha utoaji wa alama za kutafutia hitilafu. Kabla ya kusakinisha, chungulia ndani:

```
pacman -Qlp hello-2.12.1-1-x86_64.pkg.tar.zst
pacman -Qip hello-2.12.1-1-x86_64.pkg.tar.zst
```

Ya kwanza inaorodhesha mafaili, ya pili maelezo. Soma orodha yote kwa macho. Unatafuta njia za ajabu, folda ya `home`, au kitu ndani ya `/usr/local`.

Vitegemezi: pale nilipoangukia

Kuna makundi manne. `depends` ni vile ambavyo programu haiwezi kuwaka bila hivyo. `makedepends` vinahitajika wakati wa kujenga tu, kama cmake au git. `checkdepends` ni vya majaribio. `optdepends` ni vya kuongeza uwezo, na kila kimoja kinaandikwa pamoja na sababu yake, kwa mfano `'ffmpeg: kusoma video'`.

Usikisie. Iulize programu yenyewe:

```
readelf -d pkg/hello/usr/bin/hello | grep NEEDED
```

Kwa Hello utapata mstari mmoja wenye `libc.so.6`. Sasa uliza maktaba hiyo ni ya kifurushi gani:

```
pacman -Qo /usr/lib/libc.so.6
```

Jibu ni `glibc`, nacho tumeshakiandika. Laiti ningefanya hivi kwenye kifurushi changu cha kwanza, mstari wa `libonig.so.5` ungejitokeza hapo, `pacman -Qo` ingenipa `oniguruma`, na suala lingeishia mezani kwangu.

Usitegemee kwamba kitegemezi fulani "kitakuja tu" kwa sababu kitegemezi kingine kinakivuta. Programu ikikitumia moja kwa moja, kiandike moja kwa moja. Siku yule wa kati akibadilika na kuacha kukivuta, kifurushi chako kitaendelea kusimama.

Na pale configure inapojitafutia maktaba za hiari, usiiache iamue. Endesha `./configure --help`, uone vile vya `--with` na `--enable`, kisha taja wazi unachotaka na usichotaka. Hii inaondoa bahati nasibu: matokeo hayategemei tena kompyuta ina nini siku hiyo.

readelf haioni kila kitu. Hati za Python, amri ambazo programu inaziita ikiwa inaendelea, fonti, data, hivyo utavijua kwa kusoma nyaraka na msimbo. namcap, kikaguzi cha hati na vifurushi, husaidia:

```
namcap PKGBUILD
namcap hello-2.12.1-1-x86_64.pkg.tar.zst
```

Mstari wenye `E:` ni kosa, wa `W:` ni onyo. Chukua ushauri wake kama wa mzee mwenye uzoefu ambaye mara mojamoja hukosea: msikilize, kisha hakikisha.

Jenga kwenye nyumba tupu

Ukaguzi unaomaliza ubishi ni kujenga ndani ya mfumo usio na kitu zaidi ya base-devel na ulivyoviorodhesha. Ukiwa ndani ya folda ya PKGBUILD:

```
extra-x86_64-build
```

Amri hii, iliyokuja na devtools, huandaa mfumo mdogo safi chini ya `/var/lib/archbuild`, huweka humo vitegemezi ulivyovitaja tu, na kujenga. Ulichosahau hakimo, kwa hiyo ama configure italalamika, ama majaribio yatakwama. Mara ya kwanza itapakua mamia ya megabaiti, basi ifanye ukiwa na mtandao wa uhakika. Baada ya hapo ni masasisho tu.

Nawasihi wote ninaowafundisha wasiruke hatua hii. Ndiyo pekee inayokuweka kwenye kiti cha yule wa Mwanza kabla hujamtumia kitu.

Mfano wa pili: kamusi ya tahajia ya Kiswahili

Si kila kifurushi kinakompailiwa. Hifadhi ya kamusi za LibreOffice ina folda ya `sw_TZ`, yenye kamusi ya Kiswahili ya Hunspell, programu ya kukagua tahajia. Kabla hujaanza, tafuta kwanza kama kuna aliyekwisha kuipakia. Kwa mazoezi, sehemu zenye funzo ni hizi:

```bash
arch=('any')
optdepends=('hunspell: kukagua tahajia')
_msingi="https://raw.githubusercontent.com/LibreOffice/dictionaries/$_commit/sw_TZ"
source=("sw_TZ-$pkgver.aff::$_msingi/sw_TZ.aff"
        "sw_TZ-$pkgver.dic::$_msingi/sw_TZ.dic")

package() {
  local d="$pkgdir/usr/share/hunspell"
  install -Dm644 "sw_TZ-$pkgver.aff" "$d/sw_TZ.aff"
  install -Dm644 "sw_TZ-$pkgver.dic" "$d/sw_TZ.dic"
  ln -s sw_TZ.aff "$d/sw_KE.aff"
  ln -s sw_TZ.dic "$d/sw_KE.dic"
}
```

`arch` ni `any` kwa sababu maandishi hayajali prosesa. `_commit` ni namba kamili ya badiliko la Git, unayoitangaza juu. Vigeu vyako binafsi huanza na mstari wa chini ili visigongane na vya makepkg. Na kwa kuwa kamusi haina namba ya toleo, `pkgver` inaweza kuwa tarehe ya badiliko hilo, tarakimu nane.

Alama ya `::` inabadilisha jina la faili inapohifadhiwa. Bila hiyo, `sw_TZ.dic` ya mwaka jana iliyokaa kwenye `SRCDEST` ingechukuliwa kuwa ndiyo ya leo, na ungehangaika na hashi isiyolingana. Kuchukua mafaili mawili badala ya kuleta hifadhi nzima kunaokoa bando pia. Hifadhi ile ina kamusi za lugha nyingi sana.

Viungo viwili vya mwisho ni vya Mkenya ambaye mfumo wake umewekwa `sw_KE`. Maneno ni yale yale, lakini bila viungo hivyo programu yake ingesema Kiswahili hakipo. Jaribu kwa `hunspell -d sw_TZ`, uandike sentensi, uone maneno inayoyakataa.

Kuchapisha AUR

AUR ni hifadhi ya hati zinazoletwa na watumiaji, na tangu 2015 kila kifurushi humo ni hifadhi ndogo ya Git. Fungua akaunti, weka ufunguo wako wa SSH, kisha:

```
git clone ssh://aur@aur.archlinux.org/jina-la-kifurushi.git
cd jina-la-kifurushi
# nakili PKGBUILD na viraka vyako humu (viraka navyo vitaje kwenye git add)
makepkg --printsrcinfo > .SRCINFO
git add PKGBUILD .SRCINFO
git commit -m "Toleo la kwanza"
git push origin master
```

Tawi ni `master` pekee, na `.SRCINFO` lazima iwemo katika kila badiliko, kwa maana tovuti husoma hiyo. Haiendeshi PKGBUILD yako. Usipakie tarball wala kifurushi kilichojengwa. Kinachojengwa kutoka Git isiyo na toleo hupewa jina linaloishia `-git`, na kinachofungasha programu iliyokwisha kukompailiwa na mwandishi wake huishia `-bin`.

Watu wataisoma hati yako kabla ya kuijenga, na ni haki yao. Julai 2025 vifurushi vitatu, `librewolf-fix-bin`, `firefox-patch-bin` na `zen-browser-patched-bin`, viliondolewa AUR baada ya kugundulika kwamba vilipakua programu ya kumtawala mtu kompyuta yake kutoka mbali. Majina yalikuwa ya kuvutia, na aliyesakinisha bila kusoma aliingia mtegoni. Andika hati fupi, yenye anwani za chanzo zinazoonekana wazi, bila ujanja wa Bash. Msomaji aelewe kwa dakika moja kila faili inatoka wapi.

Toleo jipya linapotoka

Badilisha `pkgver`, rudisha `pkgrel` kwenye 1, endesha `updpkgsums`, kisha soma orodha ya mabadiliko ya mradi. Hasa angalia kama wameongeza kitegemezi au wamebadilisha leseni. Jenga kwenye nyumba tupu, linganisha orodha ya mafaili na ya toleo lililopita, tengeneza `.SRCINFO`, sukuma.

Mtu akikuletea hitilafu, muombe matokeo yote ya ujenzi, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Picha ya mistari mitatu ya mwisho mara nyingi haina kosa lenyewe. Na siku ukikosa muda, au ukiacha kuitumia programu hiyo, ingia kwenye ukurasa wa kifurushi ubonyeze `Disown Package`. Kitabaki bila mwenyewe, na yeyote anayekihitaji anaweza kukichukua siku hiyo hiyo na kuendelea pale ulipoachia.